Kazi ya Kusikiliza: Fundi wa Sauti za Filamu

Haya ni mazungumzo ambayo afisa wa habari wa kaunti aliyatoa mjini Liboi mbele ya vijana, walimu na wazazi. Tunayachapisha kwa ombi la baadhi ya waliohudhuria.



 

Nilipoombwa nije nizungumzie ajira, najua mlitarajia nitaje polisi, jeshi, ualimu na uuguzi. Hizo ni kazi njema na wanaozitaka wazifuate. Leo nitawaeleza kazi ambayo pengine hakuna aliyeketi hapa amewahi kumwona mtu akiifanya, ingawa mnaisikia kila mnapotazama filamu. Ni kazi ya fundi wa sauti.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilikuja huku Liboi kuzungumza na ayeyo mmoja kuhusu mwaka 1991. Wazee waliopo wanakumbuka. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka, watu wakawa wanavuka mpaka usiku na mchana, na wengi wao mahali pa kwanza kupumzika palikuwa hapa. Yule ayeyo alikuwa mama mwenye watoto wadogo wakati huo. Tuliketi nje, chini ya mti, karibu saa nzima. Alinieleza nani alifika akiwa amebeba nini, maji yaligawanywa vipi, na mtoto gani alizaliwa usiku gani.

Nilikuwa na kamera nzuri. Nilijali mwanga, nikajali rangi ya mtandio wake, nikajali hata mti uliokuwa nyuma yake. Maikrofoni ilikuwa ile ndogo iliyoshikizwa juu ya kamera, hatua nne kutoka mdomoni mwake. Ulikuwa msimu wa hagaa, na upepo wa hagaa mnaujua kuniliko. Hedifoni nilikuwa nazo, lakini zilikuwa ndani ya mkoba.

Niliporudi Garissa nikafungua kompyuta, picha ilikuwa safi kabisa. Sauti ilikuwa upepo mtupu. Katika saa nzima nilipata sentensi tatu zinazoeleweka. Nikajiambia nitarudi. Niliporudi, miezi saba ilikuwa imepita, nikaambiwa Mungu amemchukua. Mjukuu wake aliniuliza kama ningeweza kumpa sauti ya nyanya yake. Nilimpa nilichokuwa nacho. Alisikiliza kidogo, akazima, akaniambia asante. Ile asante sijaisahau.

Mimi nimesomea uandishi wa habari hadi shahada, kwa hiyo sina pa kujitetea. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza: katika filamu za kweli, ni nani anayehakikisha jambo kama hili halitokei? Nikagundua kwamba yupo mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba watu hujenga maisha mazima juu yake.

Sasa ngoja niwaulize wafugaji. Ngamia wako akipotea usiku, unamtafuta kwa macho? Mnacheka kwa sababu mnajua jibu. Unasimama, unanyamaza, unasikiliza koor, ile kengele ya mbao shingoni mwake. Katika kengele kumi, mfugaji anaijua yake. Anajua kama ngamia anatembea au anakula. Basi huyo mfugaji na fundi wa sauti ni ndugu. Wote wawili hulazimika kunyamaza na kutenganisha sauti moja na nyingine.

Fundi wa sauti hufanya nini hasa? Kazi yake ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kabla ya kamera kuwashwa. Fundi hufika mahali patakaporekodiwa na kusikiliza. Mwelekezi wa filamu anaweza kusema, "Nyumba hii ni nzuri, dirisha lina mwanga." Fundi anasema, "Ndiyo, lakini nyuma yake kuna kinu cha kusaga mahindi, na ng'ambo ya barabara kuna jenereta." Anauliza jenereta huwashwa saa ngapi, bodaboda hupita wapi, mbuzi hurudi lini. Anaandika nyakati za swala zote tano. Adhana haizimwi kwa ajili ya filamu; ni ratiba ya filamu inayopangwa kuizunguka. Ndani ya nyumba atazima friji kwa sababu ya mngurumo wake. Na mafundi wana ujanja wao: anapozima friji ya wenyewe, huweka funguo za gari lake humo ndani, ili asiondoke bila kukumbuka kuiwasha tena. Nyama ya watu isije ikaoza kwa sababu ya filamu.

Sehemu ya pili ni wakati wa kurekodi. Yeye au msaidizi wake hushika fimbo ndefu yenye maikrofoni nchani, wenyewe huiita bumu, akiininginiza juu ya kichwa cha anayesema, karibu iwezekanavyo bila kuingia kwenye picha. Mikono huuma. Ukisogeza maikrofoni mbali maradufu, msukumo wa sauti ya msemaji hupungua kwa nusu, lakini upepo na jenereta havipungui hata kidogo. Hilo ndilo kosa nililolifanya kwa yule ayeyo. Sikio la binadamu huchagua: ukiwa sokoni unamsikia rafiki yako na kuwasahau wengine. Maikrofoni haichagui, hubeba vyote sawasawa. Ndiyo maana fundi huvaa hedifoni muda wote, asikie kile ambacho mashine inasikia.

Pia kuna maikrofoni ndogo sana zinazobanwa ndani ya nguo, karibu na kifua. Mabinti, hapa nasema na ninyi. Katika jamii yetu, ni nani atakayembana mama maikrofoni ndani ya mtandio wake? Mwanamume hawezi, na hapaswi. Kama kikundi cha filamu hakina fundi mwanamke, mama zetu hurekodiwa kwa mbali, na ya mbali mmekwisha kusikia ilivyo. Kwa hiyo kuna kazi hapa ambayo ikifanywa na mwanamke hufanywa vizuri zaidi. Msisubiri kaka zenu.

Kabla ya kuondoka, fundi huomba watu wote wanyamaze kwa nusu dakika au dakika nzima, na anarekodi huo ukimya. Mtauliza, ukimya nao una faida gani? Ukimya wa Liboi si ukimya wa Nairobi. Hapa kuna mchanga, kuna ndege, kuna bati linalotanuka juani. Mhariri akikata sentensi na kuiunga na nyingine, ule ukimya huziba pengo, na mtazamaji hajui kwamba kuna kilichokatwa.

Sehemu ya tatu ni baada ya kurekodi, katika chumba chenye kompyuta na spika nzuri. Hapo maneno husafishwa. Yaliyoharibika kabisa hurudiwa na mwigizaji akitazama midomo yake mwenyewe kwenye skrini. Nyayo, milango na vikombe hutengenezwa upya na watu wanaotembea juu ya mchanga na changarawe ndani ya chumba. Mwisho muziki, maneno na milio huchanganywa, kila kimoja kwa kipimo chake, kama mpishi na chumvi.

Niwape mfano wa mtu mmoja aliyeifanya kazi hii. Jina lake ni Peter Handford, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1919. Aliingia studio za filamu za Denham, karibu na London, mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 17. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, alihudumu katika kikosi cha filamu cha jeshi la nchi yake. Baada ya vita alirudi kwenye filamu, akafanya kazi na waelekezi wakubwa, akiwemo Alfred Hitchcock.

Lakini Handford alikuwa na penzi lingine, nalo ni treni za mvuke. Alibeba mashine zake hadi kando ya reli, usiku na baridi, akarekodi injini zikipanda mlima, zikipiga honi, zikipumua stesheni. Watu wengi wangeona ni mchezo wa mtoto. Yeye alianzisha kampuni, Transacord, akauza sahani za santuri zenye milio ya treni tu, na zikanunuliwa. Ilipofika mwaka 1968, shirika la reli la Uingereza liliacha kutumia treni za mvuke katika safari zake za kawaida. Sauti iliyokuwa imejaa nchi nzima ikatoweka, ila kwenye kanda za watu kama yeye.

Sasa msikie jinsi hadithi hii inavyofika kwetu. Mwaka 1985 ilitoka filamu Out of Africa, iliyoelekezwa na Sydney Pollack na kupigwa hapa Kenya, sehemu za Ngong na kwingineko. Aliyekuwa akirekodi sauti wakati wa upigaji picha ni huyu huyu Handford. Katika filamu ile kuna treni ya zamani inayokata mbuga. Lakini wakati ule Kenya haikuwa tena na injini ya mvuke inayofanya kazi. Walitoa injini na mabehewa ya kale kutoka Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na treni yote ikasukumwa kutoka nyuma na injini ya dizeli iliyofichwa ikaonekana kama behewa la mizigo. Ndani ya tanuri walichoma matairi ili moshi uonekane. Yaani fundi aliyetumia nusu ya maisha yake kurekodi treni za mvuke, alipewa treni ya mvuke isiyo na mvuke! Mtazamaji lakini anaiona inakwenda, anaisikia inapumua, na anaamini. Sasa mnajua kwamba pumzi ile haikutoka kwenye ile injini. Iliwekwa na mafundi wa sauti.

Machi 1986 filamu hiyo ilipata tuzo 7 za Oscar huko Marekani, mojawapo ikiwa ya sauti, na Handford alikuwa mmoja wa mafundi wanne waliopewa. Hesabuni: kutoka 1936 hadi 1986 ni miaka 50. Nusu karne ya kushika maikrofoni kabla ya jina lake kuitwa jukwaani, na ikaitwa kwa kazi aliyoifanya katika nchi hii. Alifariki mwaka 2007.

Kuna jambo lingine katika filamu hiyo linalotuhusu sisi. Mmoja wa wahusika wake wakubwa ni Farah Aden, Msomali, msimamizi wa nyumba ya Karen Blixen, na alikuwa mtu wa kweli. Aliyemwigiza, Malick Bowens, alitoka Mali. Alikuwa mwigizaji hodari na simlaumu. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, naye yumo kwa nafasi ndogo. Ninachosema ni kwamba watu wetu wamekuwa wakionekana kwenye filamu kwa muda mrefu, lakini mara chache wamekuwa nyuma ya mashine, na mara chache sauti zao zimesikika kwa lugha yao.

Hilo limeanza kubadilika. Mnakumbuka tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa karibu na El Wak. Washambulizi walitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mungu amrehemu. Mwaka 2017 ilitoka filamu fupi kuhusu tukio hilo, Watu Wote, iliyoelekezwa na Mjerumani Katja Benrath akishirikiana na waigizaji na mafundi wa Kenya. Wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu fupi. Haikushinda, iliyoshinda ilikuwa filamu kuhusu mtoto kiziwi.

Nataka mfikirie sauti ya filamu kama hiyo. Kiini chake si bunduki. Kiini chake ni maneno: watu waliosimama kando ya barabara wakakataa kutengana. Kama maneno yale yangemezwa na upepo, tungebaki na picha ya watu wenye hofu na wenye silaha, picha ile ile ambayo dunia imezoea kuonyeshwa kuhusu kaskazini mashariki. Ujasiri ulikuwa katika walichosema.

Na kuna faida yenu katika hilo. Mwelekezi asiyejua Kisomali hawezi kujua kama neno limekatwa mwisho wake. Atasikia sauti na kudhani ni nzuri. Fundi anayejua Kisomali, Kiswahili na Kiingereza atainua mkono aseme, "Turudie, neno limepotea." Wengi wenu hapa mna lugha hizo tatu tayari, na hamkuzilipia karo.

Sasa tuzungumze ukweli kuhusu riziki, maana wazazi wananitazama. Fundi wa sauti wa filamu mara nyingi si mtu wa mshahara wa kila mwezi. Hulipwa kwa siku au kwa mradi. Kuna miezi ya kazi nyingi na miezi mikavu. Wengi huchanganya: filamu kidogo, matangazo, redio, harusi, video za mashirika, kurekodi makongamano. Vifaa ni ghali, na anayeanza hukodi kabla ya kununua. Atahitaji pia kuishi karibu na kazi zilipo, na kwa sasa nyingi ziko Nairobi. Mkisikia mtu anawaambia ni njia ya kutajirika haraka, mwulizeni yeye ametajirika lini.

Njia ya kusoma ipo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, pale South B jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1961, hufundisha watu wa redio, televisheni na filamu. Hapa karibu, shirika la FilmAid limewafundisha vijana katika kambi za Dadaab kutengeneza filamu zao wenyewe. Anayependa fizikia na hisabati ashike sana masomo hayo, kwa sababu sauti ni mawimbi, na fundi anayeelewa mawimbi hutengeneza kile ambacho mwingine anabahatisha. Na kazi ikiwa nzuri, hutambuliwa: Tuzo za Kalasha, zinazoandaliwa na Tume ya Filamu ya Kenya, huwatunza pia mafundi wa sauti.

Lakini hamhitaji kungoja chuo. Wengi mna simu. Kwenye simu hiyo anzeni hivi.

Kwanza, isogezeni karibu. Iwe shubiri moja au mbili kutoka kidevuni mwa anayesema, si hatua nne. Pili, mkingeni upepo: kaeni nyuma ya ukuta, mpeni mgongo upepo, au funikeni maikrofoni kwa sponji. Tatu, zimeni mtandao ili simu isiite katikati ya maneno ya mzee. Nne, rekodini nusu dakika, kisha sikilizeni kwa hedifoni kabla ya kuendelea. Hatua hiyo moja ingeniokoa mimi. Tano, rekodini ukimya wa mahali hapo. Sita, siku hiyo hiyo wekeni nakala mahali pawili.

Na tahadhari tatu. Msirekodi mtu bila idhini yake, hata akiwa bibi yako. Tupo mpakani: kabla ya kuzunguka na kamera mwoneni chifu, na msielekeze kamera kwenye vituo vya usalama. Filamu ya biashara huhitaji leseni, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuanza. Tatu, tunzeni masikio yenu. Hizo hedifoni mnazozifungulia hadi mtu wa pembeni anasikia, zinakula usikivu polepole, na usikivu ukienda haurudi.

Sikuja na ahadi ya kazi wala ya vifaa. Sitasema jambo ambalo ofisi yangu haiwezi kulitimiza. Nina ombi tu. Wazee walioiona Liboi ya mwaka 1991 wanazidi kupungua. Wapo wanaokumbuka ya mbele zaidi: visima vilivyochimbwa kwa mikono, ukame uliopewa majina, mashairi yaliyosafiri kwa kanda kutoka mji hadi mji. Lugha yetu ya Kisomali ilipata maandishi yake rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, na hata baada yake, mengi yaliwekwa katika sauti na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu akiondoka, anaondoka nayo.

Jioni ya leo, baada ya swala, muulize ayeyo wako au babu yako swali moja. Kaa karibu naye. Mkinge upepo. Vaa hedifoni. Kisha nyamaza, usimkatize, mwache aseme mpaka amalize.

Yule mjukuu aliyeniambia asante yuko hapa leo, ameketi nyuma pamoja na wenzake. Sikumtaja kwa jina na sitamtaja. Amenionyesha simu yake kabla hatujaanza. Amemrekodi shangazi yake, ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Nimesikiliza. Kila neno linasikika.